Mtoto ana mwaka na miezi kumi, chanjo aliishia wiki ya sita. Tusubiri au twende?

Fundi Aluminiamu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Nina kijana wangu, kazaliwa Julai 2022 hapa hapa Dar. Siku ya kwanza alipata ile ya begani na matone. Wiki ya sita akapelekwa, akachomwa mapajani na kupewa matone tena. Usiku ule hakulala mtu ndani. Mtoto alichemka, paja likavimba, akalia mpaka jirani akaja kugonga mlango. Wiki ya kumi ilipofika mama mkwe akasema mtoto bado mchanga, mpumzisheni kwanza. Tukampumzisha. Baadaye nikapata kazi ya kufunga madirisha Kahama, familia ikanifuata, tukakaa miezi minane, na katika kuhamahama kadi ikapotea. Tunarudi Dar mtoto anatembea. Kampeni ya surua rubela ya Februari mwaka huu wa 2024 ilitukuta kwenye basi, tunakwenda msibani Songea, na kule msibani hakuna aliyekumbuka.

Sasa mimi nataka apelekwe. Mke wangu anasema tusubiri afike miaka mitatu, akomae, ndipo amaliziwe zote kwa utulivu. Yeye mwenyewe ana mimba ya miezi minne, anaogopa mtoto akichanjwa surua ataambukizwa yeye na kilichomo tumboni. Juu ya hapo shemeji yangu katutumia sauti ya dakika kumi na moja kwamba chanjo zinaleta usonji (autism, ile hali ya mtoto kupata shida ya kuongea na kuchangamana), na huyu kijana mpaka leo ana maneno sita tu: mama, baba, maji, toka, nyau, na jina la mtoto wa jirani.

Kwa hiyo nauliza: tukienda sasa wanaanza upya? Watamchoma zote siku moja? Au mke wangu yuko sahihi, tusubiri?

Ngoja Wajuzi

Ngoja wajuzi waje. Nimevuta kiti.

Mtazamaji wa Mvua

Mkuu, mtoto anatembea, anakula ugali, anamfukuza paka. Unamtafutia nini? Sisi wengine tumekulia porini, chanjo tulikuwa tunazisikia redioni na tupo. Wangu wa kwanza hajui mlango wa kliniki unafunguka upande gani, na yuko darasa la nne. Msikilize mkeo.

Bi Shangazi

Mtazamaji, wewe upo. Wenzako ambao hawapo hawana simu ya kukujibu.

Mimi ni wa Lindi, nimezaliwa 1969. Surua iliingia nyumbani kwetu nikiwa na miaka minane au tisa. Tulilala watoto wanne kwenye mkeka mmoja, madirisha yamezibwa kwa kanga kwa sababu mwanga ulikuwa unatuchoma macho. Mdogo wangu wa kiume alikufa siku ya saba, na si kwa vipele, ni kichomi kilichokuja nyuma yake. Dada yangu jicho la kushoto liliingia ukungu, mpaka leo anaona vivuli. Mimi na kaka tukapona. Kwa hiyo kaka yangu naye angeweza kuja hapa akaandika "sisi tuliugua surua na tupo".

Baba mtoto, endelea kuuliza.

Mama Pacha Mbagala

Mimi wangu walichelewa miezi minne kwa sababu walizaliwa njiti, nikadhani lazima kwanza wafikie kilo fulani. Kumbe njiti anahesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa kama wenzake. Nilipokwenda hawakuanza upya, waliendelea pale tulipoishia. Siku ile walichomwa wote wawili, nikarudi nyumbani na vilio vya stereo 😂 Kesho yake wanacheza.

Muuguzi Mstaafu

Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka 27, nimestaafu, sasa nafuga kuku. Niruhusuni niandike kirefu.

Hakuna kuanza upya. Chanjo aliyopata Agosti 2022 mwili haujaisahau. Aliyepata penta ya kwanza anapewa ya pili, hata kama imepita miaka. Kinachotakiwa ni nafasi kati ya dozi na dozi, isipungue wiki nne. Kuzidi si neno.

Akifika leo atakuwa anadaiwa penta ya pili na ya tatu. Hiyo ndiyo yenye dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na kile kidudu cha Hib kinacholeta homa ya uti wa mgongo. Anadaiwa ya nimonia, matone ya polio, polio ya sindano, na surua rubela zote mbili, ya miezi tisa na ya miezi kumi na nane. Ya kuhara, yaani rota, usishangae wakikuambia umri wake umepita, ile ni ya wachanga. Idadi ya dozi za nimonia zilizobaki watakupigia hesabu hapo hapo, kwa sababu mtoto aliyevuka mwaka hahitaji nyingi kama mchanga.

Zote siku moja? Ndiyo, na ni salama. Najua sindano nne zinatisha, hasa ukiwa wewe ndiye unayemshika. Lakini ukizigawa moja moja, umemwongezea siku za kulia na umemwongezea miezi ya kukaa bila kinga. Na kuna jambo moja wazazi wengi hawaambiwi: zile za sindano zenye virusi hai waliodhoofishwa, kama hii ya surua rubela, zikikosana siku moja inabidi zipishane wiki nne, kwa hiyo ukizitawanya ovyo unaweza kujikwamisha mwenyewe.

Sasa suala la "akomae". Mkeo hajakosea moja kwa moja, nalisema hili kwa sababu watu wanapenda kuwacheka wanawake hapa. Surua kweli haitolewi siku ya kuzaliwa, inasubiri. Mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyopewa na mama yake tumboni, na kinga hiyo huizima chanjo ikiletwa mapema. Kwa miezi tisa, kati ya watoto 100 wanaochanjwa, kama 85 hushika kinga. Ukivuka mwaka mmoja wanaoshika ni wengi zaidi. Mbona basi sisi tunachanja miezi tisa? Kwa sababu kwetu ugonjwa haungoji mwaka. Nchi imechagua kuwahi, kisha inarudia miezi kumi na nane kuwanasa walioponyoka. Kijana wako amekwishakomaa tayari, kukomaa kwake kulikwisha mwaka jana. Hiyo miaka mitatu haimwongezei kitu.

Fundi Aluminiamu

Mama (au Baba?) Muuguzi, Mungu akuzidishie. Na hilo la mimba?

Muuguzi Mstaafu

Mama. Na wajukuu ninao.

Mtoto aliyechanjwa surua rubela hamwambukizi mama mjamzito. Mjamzito mwenyewe ndiye hachomwi ile chanjo, labda hapo ndipo maneno yalipochanganyika. Geuza hofu ya mkeo upande wa pili: kijana asiye na kinga akileta rubela halisi nyumbani, mtoto anakuwa na vipele vya siku tatu tu, hata hamjui ni nini. Tatizo ni tumboni. Rubela kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, huweza kuharibu moyo wa kichanga, ikampa mtoto wa jicho, ikamziba masikio asisikie.

Halafu mnapokea kichanga miezi mitano ijayo. Kifaduro kwa mtu mzima ni kikohozi kinachoudhi. Kwa mtoto wa mwezi mmoja kinaweza kusimamisha pumzi. Na mara nyingi anayekileta ni mtu wa nyumbani, kaka mtu anayekuja kumbusu.

Mtazamaji wa Mvua

Mnamtisha mwenzenu. Na usonji? Hilo hamjaligusa. Mimi namfahamu mtoto aliyekuwa anaongea, akachomwa, akanyamaza.

Mbongo wa Baridini

Hili niachieni, nimeliona kwa macho yangu.

Nipo Minnesota, Marekani, natunza wazee. Mwaka 2017 surua ililipuka hapa. Wagonjwa 75, wengi wao watoto wa ndugu zetu Wasomali, karibu wote hawakuchanjwa. Msidhani wale wazazi ni wazembe. Watoto wao waliozaliwa mwaka 2004 walichanjwa asilimia 92. Kufikia waliozaliwa 2014 ilikuwa asilimia 42. Kilichotokea katikati ni kwamba watu waliona watoto wenye usonji kwenye jamii yao, wakatafuta sababu, wakapata watu wa kuwapa sababu. Akiwemo Andrew Wakefield mwenyewe, alikuja mpaka Minneapolis kukaa nao.

Huyo ndiye chanzo cha sauti ya shemeji yako, hata kama shemeji hajui. Daktari wa Uingereza, mwaka 1998 aliandika kuhusu watoto 12. Kumi na mbili! Sherehe ya kipaimara ina watu wengi zaidi. Mwaka 2010 jarida lililochapisha likaifuta ile makala, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Denmark nao mwaka 2019 walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010. Waliochanjwa na wasiochanjwa usonji ulikuwa sawa.

Huyo mtoto unayemfahamu Mtazamaji, siwezi kukubishia ulichoona. Lakini dalili za usonji huanza kuonekana kati ya mwaka mmoja na miwili, na umri huo huo ndio wa chanjo ya surua. Meno nayo hutoka umri huo.

Bi Shangazi

Hapo kwenye meno nimekuelewa kuliko kwenye namba zote.

Muuguzi Mstaafu

Fundi, maneno sita kwa mwaka na miezi kumi ni machache, usilifunike. Mpeleke akapimwe masikio, wala si lazima usubiri chanjo ziishe. Mwite akiwa amekupa mgongo, uone kama anageuka. Lakini usilifunge jambo hilo pamoja na sindano, kwa sababu kwa maelezo yako hajachomwa chochote tangu akiwa na wiki sita.

Fundi Aluminiamu

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Kama chanjo ndiyo inachelewesha kuongea, basi huyu angekuwa anatangaza mpira.

(Nimemwita kwa mgongo. Kageuka. Nimemwita tena nikiwa nimeshika biskuti, kageuka haraka zaidi.)

Mwana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya mtindo ni huo huo, wiki sita, kumi, kumi na nne, kisha miezi tisa na kumi na nane. Nami nakwambieni inayotuponyoka zaidi ni hii ya mwisho. Mama akishapata ya miezi tisa ajiona kamaliza, kitabu cha kliniki chatiwa chini ya godoro. Mwanangu wa pili nilimrejesha na miaka miwili na nusu, na ni kwa kuwa mwalimu wa chekechea aliniitisha kitabu. Nesi hakunigombeza. Alinambia tu, "mama, umepotea njia, lakini umefika."

Kijana wa Tandale

Naomba kujua jambo dogo. Mimi nilikwenda zahanati moja na mtoto wa miezi tisa, siku ya kliniki, saa tatu asubuhi, nikaambiwa nirudi Alhamisi "tutakapokuwa wengi". Alhamisi nina kazi. Nikarudi wiki tatu baadaye. Wengi kwa ajili gani? Tunacheza mpira?

Muuguzi Mstaafu

Chupa, mwanangu. Kichupa kimoja cha surua rubela kina dozi kumi. Ni unga, unachanganywa na maji yake, na ukishachanganywa una saa sita tu, baada ya hapo kinatupwa hata kama kimetumika kwa mtoto mmoja. BCG, ile ya kifua kikuu ya begani, nayo huja ya dozi ishirini. Nesi anaangalia watoto watatu kwenye benchi, anafikiria dozi saba za kumwaga na ripoti ya mwezi ya kuandika, anakuambia urudi.

Mwongozo unasema fungua, hata kwa mtoto mmoja, maana aliyefika huenda asirudi. Nami nakiri nimewahi kuwarudisha watu. Hesabu ya chupa unaulizwa na bosi wako, ya mtoto aliyepotea huulizwi na mtu. Kwa hiyo Fundi, kabla hujakwenda ulizia siku yao ya surua, na ukifika ukaambiwa urudi, sema kwa upole kwamba mtoto ana mwaka na miezi kumi na hana hata moja. Kwa kawaida hiyo inafungua chupa.

Sasa naomba nikuulize na mimi. Umesema mkeo anataka asubiri akomae. Mkeo alikwenda mwenyewe wiki ya sita, bila kusukumwa?

Fundi Aluminiamu

Alikwenda mwenyewe. Alikuwa ananiamsha mimi.

Muuguzi Mstaafu

Basi mwulize taratibu, mkiwa wawili: mara ya mwisho kliniki walimjibu nini.

Ngoja Wajuzi

Kiti changu kimeanza kuwa cha moto. Mama Muuguzi ni mpelelezi.

Mtazamaji wa Mvua

Mnaona sasa, mnaingia mpaka chumbani kwa watu.

Fundi Aluminiamu

Wakuu, nimerudi. Ni saa tano usiku, nimekaa nje kwenye ngazi.

Nilimwuliza. Mwanzo akasema hakuna kitu. Kisha akasema lile ambalo mimi kama mume nilipaswa kulijua mwaka juzi. Kabla hatujaenda Kahama, mtoto akiwa na karibu miezi minne, mke wangu aliona mama yake mzazi anakosea, akajiendea peke yake kliniki bila kumwambia mtu. Sitaitaja. Nesi akaitazama kadi, akainyanyua juu kina mama wote waione, akasema, "Huyu alikuwa anasubiri sanda." Benchi zima likacheka. Akaambiwa akae mwisho. Alikaa mpaka saa sita, wakafunga, akarudi nyumbani. Kadi haikupotea Kahama. Aliichana.

Kumbe "akomae" lilikuwa neno la kusemea. Anaogopa kwenda na mtoto mkubwa anayetembea, waulize alikuwa wapi, na sasa hata kadi hana.

Mama Pacha Mbagala

Nimesoma hii nikiwa kwenye mwendokasi na machozi yananitoka. Mpe pole sana dada yangu. Mimi niliambiwa "umezaa wawili kama panya, kuwaleta ndiyo unashindwa". Sijawahi kumwambia mume wangu.

Muuguzi Mstaafu

Mwambie mkeo kwamba nesi wa zamani anamwomba radhi. Na kuna wakati nami nilisema maneno ya namna hiyo. Nilidhani aibu inaleta watu kliniki.

Kadi si kikwazo. Nendeni pale pale alipochomwa wiki ya sita, kuna rejesta. Mkitaja mwezi na jina la mama, watamwona. Wasipomwona, anahesabiwa hajachanjwa na anaanza, na dozi ya ziada haimdhuru. Na Fundi, mpeleke wewe.

Fundi Aluminiamu

Mimi? Peke yangu?

Bi Shangazi

Wewe hukuwepo kwenye kumpa?

Kijana wa Tandale

😂😂 Mwanaume akienda na mtoto kliniki anapitishwa mbele, hiyo nakuhakikishia. Utashangaa mwenyewe.

Fundi Aluminiamu

MREJESHO, Jumanne tarehe 14 Mei.

Nilifunga karakana, nikafika saa mbili kasoro. Wanawake kama thelathini na mimi. Dada mmoja akanisogezea mtoto wake mwingine nimshikie, nadhani alidhani nafanya kazi pale. Nesi, msichana mdogo tu, akauliza mama yuko wapi. Nikasema mama anapumzika, anayedaiwa ni mimi. Akacheka, akavuta rejesta ya 2022, akapitisha kidole. Akamwona: tarehe 31 Agosti, penta ya kwanza. Sijui kwa nini nilifurahi vile kuona jina la mtoto kwenye daftari la watu.

Kadi mpya. Penta paja hili, ya nimonia paja lile, polio ya sindano chini ya ile ya kwanza kidogo, surua rubela mkononi, matone mdomoni, na vitamini A juu yake. Kwenye sindano ya tatu kijana alisema neno lake la "toka" kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. Nikaambiwa anaweza kupata joto leo na kesho, na kwamba ya surua inaweza kuleta joto na vipele vidogo baada ya kama wiki moja, nisije nikakimbia nayo hospitali usiku nikidhani imekuwa surua yenyewe.

Usiku joto lilipanda kidogo, mke wangu akampa parasetamoli kwa kipimo tulichoandikiwa. Kapanda kitandani saa saba. Tarehe ya kurudi ni 11 Juni. Kaiandika kwa chaki nyuma ya mlango na amesema atakwenda yeye, ila tuongozane.

Mtazamaji wa Mvua

Hongera. Mimi msimamo wangu mnaujua. Ila kuna jirani yangu ana mtoto wa darasa la nne hajawahi kuchanjwa. Huyo bado anapokelewa?

Muuguzi Mstaafu

Mwambie jirani yako penta imempita umri, wakubwa wana ya kwao ya pepopunda na dondakoo. Surua rubela kiafya haina mwisho wa umri, lakini kituo kinaweza kusema ratiba yao inaishia chini ya miaka mitano, kwa hiyo aende akaulize, asikate tamaa dirishani. Kama ni msichana, akifika miaka tisa mpaka kumi na nne asikose ile ya saratani ya mlango wa kizazi.

Mtazamaji wa Mvua

Ni mvulana. Wa jirani.

Fundi Aluminiamu

Mama Muuguzi, la mwisho. Pajani kuna kivimbe kigumu kama punje ya mahindi, pale penye penta. Mama mkwe amechemsha maji anataka kukikanda.

Muuguzi Mstaafu

Asikikande, asikipake kitu. Kitambaa chenye maji ya baridi kinatosha. Kinaweza kukaa wiki kadhaa kisha kitayeyuka. Kikiwa chekundu kinazidi kukua, au kikitoa usaha, hapo mrudishe. Maji hayo ya moto mwambie mama mkwe ayatilie majani ya chai.